Kutoka tahasusi hadi joho: masharti ya shahada ya sayansi au uhandisi kwa mwanafunzi wa Arusha na Moshi

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, swali ni lile lile kuanzia Ngaramtoni hadi Himo: mbona huyu mwenye pointi saba kanyimwa uhandisi, na yule mwenye nne kapokelewa? Hakuna aliyeonewa. Sharti lilikuwa limeandikwa, ila halikusomwa mpaka mwisho. Na mambo yanakwenda hivyo hivyo chuoni: anayefika mwaka wa nne akagundua ana somo la mwaka wa kwanza hajalifaulu, naye alipitwa na mstari mmoja wa kanuni. Hapa tunayafuata masharti hayo kwa mpangilio wa kukutana nayo, tangu kidato cha nne hadi siku ya kuchukua cheti.

Somo kwanza, pointi baadaye

Sharti la chini la Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kwa aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2016 au baada ya hapo ni prinsipo mbili, yaani ufaulu wa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, tena ziwe kwenye masomo yanayotajwa na kozi anayoiomba. A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. S, yaani sabsidiari, si prinsipo. Kwenye mtihani wa NECTA wa kidato cha sita, E inaanzia alama 40 na S ni 35 hadi 39. Kwa hiyo kati ya 39 na 40 kuna alama moja tu, na alama hiyo moja ndiyo inayoamua kama utaingia karakana ya uhandisi au utatafuta kozi nyingine. Waliomaliza 2014 na 2015 walipimwa kwa ngazi tofauti yenye B+, nao wana mstari wao. Wasitumie hesabu hii.

Mtazame mwanafunzi wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu) mwenye Kemia A, Hesabu D na Fizikia S. Ana pointi 7 za prinsipo. Mwenzake ana Hesabu D, Fizikia D na Kemia S, jumla pointi 4. Kozi ya uhandisi inayodai prinsipo ya Fizikia na ya Hesabu inamfungia wa kwanza na kumfungulia wa pili. Wa kwanza ana nafasi nzuri tu kwenye shahada za kemia, lakini uhandisi wa ujenzi au wa umeme asahau kwa cheti hicho.

Kufunguliwa mlango nako si kupewa kiti. Pointi 4 zinakuruhusu kuomba. Baada ya hapo chuo kinapanga waombaji kwa ufaulu na kuchukua kulingana na nafasi zilizopo. Mwenye pointi 4 akiomba kozi tatu zote zinazogombewa na nchi nzima, ajiandae kusubiri raundi ya pili.

TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kila mwaka, na viko viwili: kimoja cha waliotoka kidato cha sita, kingine cha wenye stashahada na sifa linganishi. Pakua cha mwaka wako. Cha mwaka jana alichonacho kaka yako kinaweza kuwa na sharti lililobadilika. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, basi soma viunganishi kwa kidole: "Fizikia na Hesabu" ni sharti moja, "mbili kati ya Fizikia, Hesabu, Kemia" ni sharti lingine kabisa. Kisha endelea hadi mwisho wa kisanduku, kwa sababu huko ndiko huandikwa nyongeza kama "sabsidiari ya Kemia" au "D ya Hesabu kidato cha nne". Nyongeza hizo ndizo zinazoangusha watu wenye pointi nzuri.

Tahasusi inavyofungua na kufunga

Anayesoma haya akiwa bado kidato cha nne ana bahati, maana hapa ndipo uamuzi ulipo. Tangu 2024 tahasusi, yaani michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita, zimeongezeka sana, lakini kwa sayansi na uhandisi zile za zamani bado ndizo zinazobeba wengi.

PCM inafungua karibu kila mlango wa uhandisi, pamoja na kompyuta, jiolojia, fizikia na hesabu zenyewe. PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu) nayo inaingia kozi nyingi za uhandisi kwa sababu ina Fizikia na Hesabu, ila angalia kama kozi inadai Kemia ya kidato cha nne. EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) hupokelewa kwenye takwimu na kwenye baadhi ya kozi za kompyuta. Haina Fizikia, kwa hiyo usiende nayo kwenye umeme. PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia) ni ya afya, maabara na sayansi ya chakula, na mwanafunzi wake asiidharau BAM, ile hesabu ndogo ya sabsidiari, kwani kozi kadhaa za sayansi huiulizia.

Kuna kosa moja linalojirudia Moshi, labda kwa sababu hospitali ya KCMC iko pale pale inaonekana: mtoto anapelekwa CBG (Kemia, Baiolojia, Jiografia) huku nyumbani wanasema atakuwa daktari. Udaktari wa binadamu unadai prinsipo tatu za Fizikia, Kemia na Baiolojia, jumla zisipungue pointi 6. CBG haina Fizikia. Mbadilishie mwanzoni mwa kidato cha tano. Mwishoni mwa kidato cha sita hakuna kubadilisha tena.

Njia ya diploma

Wengi wanaichukulia kama njia ya walioshindwa. Kwa uhandisi tungesema kinyume: anayetoka Chuo cha Ufundi Arusha (ATC) akiwa na stashahada ya umeme au ujenzi anafika chuo kikuu akijua kushika mita, kusoma mchoro na kupima kiwanja, mambo ambayo mwenzake wa kidato cha sita huyaona kwa mara ya kwanza mwaka wa kwanza.

Masharti yake ni matatu. Ufaulu wa masomo yasiyopungua manne kidato cha nne, kuanzia D. Stashahada ya ngazi ya NTA 6 yenye GPA, yaani wastani wa pointi za masomo, isiyopungua 3.0, katika fani inayoendana na kozi unayoiomba. Wenye cheti cha zamani cha ufundi, FTC, hupimwa kwa wastani wa C. GPA ya 2.9 si 3.0, chuo kikuu hakikuzi namba hiyo, na mfumo unaipiga chini wenyewe kabla binadamu hajaiona.

Sharti la tatu ndilo linalosahaulika: AVN, namba ya uthibitisho wa tuzo inayotolewa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na stashahada. Bila hiyo, mwenye stashahada hawezi kumaliza maombi ya chuo kikuu. Inaombwa kwenye tovuti ya NACTVET, na haiwezi kutoka kama chuo chako cha diploma hakijawasilisha matokeo yako. Kwa hiyo wiki unayofanya mtihani wa mwisho, nenda ofisi ya taaluma uulize matokeo yatapelekwa lini, na hakikisha majina yako huko yanafanana na ya cheti cha kidato cha nne. Usisubiri dirisha la maombi lifunguliwe ndipo uanze kupiga simu.

Udhaifu wa njia hii ni hesabu. Mwaka wa kwanza wa uhandisi unaanza na kalkulasi kwa mwendo wa mtu aliyetoka PCM. Mwenye diploma atumie miezi ya kusubiri kurudia utofautishaji, integresheni, matriksi na namba changamano kwenye vitabu vya kidato cha tano na sita. Wanaoanguka kutoka upande huu huangukia hapo, si karakana.

Aliyekosa vyote viwili anaweza kuulizia kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, chenye vituo Arusha na Moshi. Nayo ina GPA yake ya 3.0 na masharti ya masomo, basi yasome kabla ya kulipa.

Kipi kinapatikana karibu na nyumbani

ATC kina shahada za uhandisi, ikiwemo ya ujenzi na umwagiliaji. Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA), Njiro, pamoja na jina lake, kinafundisha sayansi ya kompyuta na teknolojia ya habari. Moshi kuna Chuo Kikuu cha KCMC kwa udaktari, maabara, uuguzi, fiziotherapia na viungo bandia, na Mwenge kwa sayansi pamoja na ualimu. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru imejengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Kila mwaka kuna wanaopanda daladala kwenda kuulizia shahada ya kwanza na kurudi mikono mitupu.

Kwa mitambo, kemikali, migodi au mawasiliano ya simu, fungasha. Kuna UDSM na DIT za Dar es Salaam, UDOM ya Dodoma, MUST ya Mbeya, na SUA ya Morogoro kwa uhandisi wa kilimo na umwagiliaji. Weka hesabu ya nauli na chumba mapema, kwa sababu tofauti ya kusoma nyumbani na kusoma Dar es Salaam kwa miaka minne ni kubwa kuliko ada yenyewe katika familia nyingi.

Kabla ya kuchagua kozi yoyote ya uhandisi, uliza jambo moja: je, shahada hii inatambuliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB)? Uhandisi ni miaka minne. Shahada nyingi za sayansi ni mitatu. Zipo shahada zenye majina yanayofanana na uhandisi ambazo hukuweka kwenye kundi tofauti la usajili. Bora ulijue hilo leo.

Maombi, hatua kwa hatua

Tangu mwaka wa masomo 2017/18 waombaji wanaomba moja kwa moja kwenye chuo, si kupitia mfumo mmoja wa TCU kama zamani. Kila chuo kina akaunti yake na ada yake ya maombi.

Fungua barua pepe yako mwenyewe kwanza. Hapa steshenari zimewatesa watu: kijana anaenda kuombewa, mwenye steshenari anaweka barua pepe na namba yake ya simu ili kazi iende haraka, kisha ujumbe wa kuthibitisha udahili unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kumsahau. Lipia uchapaji na skani, ila barua pepe na namba viwe vyako, na nywila iandikwe kwenye daftari.

Andaa namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA kama unayo, picha ndogo, na AVN kwa wa diploma. Aliyerudia mtihani wa kidato cha nne ana namba mbili. Achague moja ya kuanzia na aitumie hiyo hiyo kila mahali, kwenye chuo na kwenye mkopo. Ukiandika ya S (ya mwanafunzi wa shule) kwa chuo na ya P (ya mtahiniwa wa kujitegemea) kwa Bodi ya Mikopo, mifumo inakuona kama watu wawili.

Majina ndiyo donda la mikoa yetu. Ubatizo umeandika jina moja, kipaimara kikaongeza lingine, ukoo umeandikwa Masawe shuleni na Massawe kwenye cheti cha kuzaliwa, au mtoto wa Kimaasai aliandikishwa shule kwa jina la babu. Linganisha herufi kwa herufi cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa na NIDA. Vikitofautiana, pata hati ya kiapo cha majina kwa wakili kabla ya Juni. Baada ya hapo mawakili wana foleni na wewe huna muda.

Waliomaliza kidato cha sita huitwa JKT kwa mujibu wa sheria wakati ule ule mkopo na maombi vinapofunguka. Kambini simu haiko mkononi. Mwachie dada, shangazi au mzazi anayejua kusoma barua pepe nywila zako zote, namba za mitihani, na orodha ya kozi ulizozichagua kwa mpangilio. Mwelekeze pia kuhusu uthibitisho: ukichaguliwa chuo zaidi ya kimoja, unatumiwa namba maalumu na lazima uthibitishe kimoja ndani ya siku zilizotangazwa. Asiyethibitisha anapoteza vyote na kuanza upya raundi inayofuata na mabaki ya nafasi.

Mkopo

Maombi ya HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, yanafanyika kwenye mfumo wa OLAMS, na ada yake ni shilingi 30,000. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, mtandaoni kwanza. Hiki ndicho kipengele kinachochukua siku nyingi. Ukimaliza kujaza, unachapa fomu, inasainiwa na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, kisha unaskani kurasa zenye saini na kuzipandisha. Fomu iliyolipiwa na kujazwa lakini haijapandishwa saini ni fomu isiyokamilika, na hakuna anayekupigia kukuambia. Ingia tena kwenye akaunti baada ya siku chache uone kama kila sehemu imekubali.

Yatima aambatishe vyeti vya vifo vilivyohakikiwa. Mwenye barua ya padri au mchungaji peke yake hahesabiwi kwamba amethibitisha.

Waliofanya vizuri zaidi kidato cha sita kwenye tahasusi za sayansi waangalie Samia Skolashipu, iliyoanza 2022/23. Huu si mkopo, haurudishwi. Mkopo wa kawaida unarudishwa: asilimia 15 ya mshahara wa mwezi, baada ya miezi 24 ya kumaliza chuo.

Krediti: namna shahada inavyohesabiwa

Ukishafika, shahada yako inakuwa hesabu ya krediti. Krediti moja ni saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Mwaka mmoja una krediti zisizopungua 120. Shahada ya miaka mitatu ni 360, ya minne 480. Somo la krediti 12 kwa hiyo ni saa 120 kwa semista. Ukihudhuria mihadhara ya saa 45 tu na kusema umesoma, umefanya chini ya nusu.

Masomo yako ya aina mbili, ya lazima na ya kuchagua. Ya kuchagua ukianguka unaweza kubadilisha kwa lingine. La lazima halina mbadala: hata GPA yako ikiwa 4.5, bila hilo huhitimu. Wiki ya kwanza chukua prospektasi, andika masomo yote ya lazima ya miaka yote kwenye karatasi moja, ibandike ukutani, na ukate kila ulilofaulu. Kazi ya dakika ishirini. Ingewaokoa wote wanaoambiwa mwezi wa Oktoba kwamba majina yao hayako kwenye orodha ya mahafali ya Novemba.

Katika vyuo vingi tathmini endelevu, CA kwa lugha ya wanafunzi, hubeba alama 40, na mtihani wa mwisho wa semista, UE, hubeba 60. Mahudhurio yasipungue asilimia 75. Maana ya CA utaiona vizuri ukiipigia hesabu. Mwenye 18 kati ya 40 akitaka B+, ambayo inaanzia 60, lazima apate 42 kati ya 60 kwenye UE. Hiyo ni asilimia 70 ya mtihani mgumu. Mwenye 30 anahitaji 30 tu, nusu ya mtihani. Testi ya kwanza, ile watu wanayoiendea kwa mazoea kwa sababu "bado mapema", ndiyo inayoamua utalala saa ngapi mwezi wa UE.

Ripoti za maabara nazo ni CA ya bei rahisi na watu huitupa. Wanaopoteza alama hawakosei jaribio. Hawaandiki vizio, wanachora grafu bila kutaja mihimili, au wananakili data ya kundi lingine ambayo mkufunzi ameshaisahihisha.

Somo la kuchora kihandisi linastahili neno lake. Aliyetoka shule kama Moshi Ufundi ameshazoea. Wengine wanafika bila kujua tofauti ya projeksheni ya pembe ya kwanza na ya tatu, na wanachora mchoro safi uliogeuzwa upande. Katika pembe ya kwanza, unachokiona kutoka kushoto unakichora kulia. Katika ya tatu, unachokiona kushoto kinabaki kushoto. Nunua mapema rula ya T, seti skwea mbili, ya digrii 45 na ya 30/60, bikari inayokaza, na penseli 2H kwa mistari ya kusaidia na HB kwa mistari ya umbo. Bikari ya seti ya shule ya msingi inalegea katikati ya duara, na duara lisilofunga linaonekana kutoka mlangoni.

GPA, sapu na disko

Alama 70 na kuendelea ni A, pointi 5. 60 hadi 69 ni B+, pointi 4. 50 hadi 59 ni B, 3. 40 hadi 49 ni C, 2. Chini ya hapo umefeli somo. Hivi ndivyo vyuo vingi nchini vinavyohesabu, ingawa kanuni ya chuo chako ndiyo sheria.

Chukua semista ya krediti 60: Hesabu krediti 12, B, Uchoraji 12, A, Mekanika 12, C, Vifaa 8, B+, Karakana 8, A, Stadi za Mawasiliano 8, B+. Zidisha kila pointi kwa krediti zake: 36, 60, 24, 32, 40, 32. Jumla 224. Gawanya kwa 60, unapata 3.73, nayo inaandikwa 3.7, kwa kuwa vyuo vingi hukata desimali bila kukuza. Hesabu ikishuka daraja moja hadi C, unabaki na 3.53. Mawasiliano yakishuka daraja moja, 3.6. Ndiyo sababu hatushauri kukesha kwa somo la krediti 8 huku la 12 linavuja.

Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Daraja la pili la juu ni 3.5 hadi 4.3, la chini 2.7 hadi 3.4, na pasi 2.0 hadi 2.6. Kwa kuwa desimali inakatwa, 3.49 ni 3.4, yaani daraja la pili la chini.

Ukianguka somo unafanya sapu, yaani mtihani wa marudio. Ukifaulu sapu, vyuo vingi hukuandikia C hata kama umepata 80. Kwa hiyo sapu inakuokoa lakini haikupandishi. Ukiangusha masomo mengi, au GPA ya mwaka ikishuka chini ya kiwango cha kuendelea, ni disko, yaani kuondolewa masomoni, na hapo hakuna barua ya mzazi inayobadilisha. Mgonjwa asiingie kwenye mtihani akitarajia kujieleza baadaye: barua ya kuahirisha pamoja na vyeti vya hospitali vinatakiwa kabla ya mtihani, kwa sababu ukishasaini karatasi ya mahudhurio umekubali matokeo yake. Kosa la kuibia mtihani linafukuzisha bila kujali GPA, na kikaratasi chenye fomula ulichokisahau mfukoni kinahesabiwa kuwa umekuja nacho.

Fildi

Mafunzo kwa vitendo kwa uhandisi huwa ya wiki nane hivi mwisho wa mwaka wa masomo, na yana krediti, asiyefanya hahitimu. Barua ya kuomba nafasi ipelekwe miezi mitatu kabla, kwa mkono, kwa ofisi ya rasilimali watu, na uchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Huku kwetu nafasi zipo kuliko watu wanavyodhani. Umeme: TANESCO. Maji: AUWSA Arusha na MUWSA Moshi. Ujenzi: TANROADS na TARURA. Mitambo: TEMDO na CAMARTEC, Arusha, zinazobuni mashine, na kiwanda cha sukari cha TPC kusini mwa Moshi, ambako ukifika msimu wa kusaga miwa unaona boila, tabaini na mikanda vikifanya kazi kwa pamoja. Wa baiolojia na kemia waulizie TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) Ngaramtoni na TARI (utafiti wa kilimo) Tengeru.

Kitabu cha kumbukumbu kijazwe jioni ya siku hiyo hiyo. Mkaguzi wa chuo akija anatambua mara moja daftari lililojazwa usiku mmoja: wino mmoja, mwandiko mmoja wa haraka, na kila siku "tulifanya matengenezo". Andika: pampu namba fulani, beringi iliyochakaa, kilichosababisha, nati ilikazwa kwa kiasi gani, nani aliidhinisha. Chora. Saini ya msimamizi ipatikane kila Ijumaa, kwa sababu wiki ya nane yuko safarini.

Mradi wa mwisho

Hukamilika kwa semista mbili. Miradi inayokwama hukwama kwa ukubwa. "Kubuni mfumo wa umwagiliaji wa Kilimanjaro" haitaisha. "Kupima maji yanayopotea kwenye mita 800 za mfongo (mfereji wa asili) mmoja kati ya banio na shamba la mwisho" inaisha, na ina namba zako mwenyewe. Vivyo hivyo kemia: floridi kwenye maji ya maeneo ya Meru ni tatizo la kweli, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Chagua vyanzo vitatu, pima kila wiki kwa wiki kumi, linganisha kabla na baada ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Panga kwanza elektrodi ya floridi utaipata wapi na lini. Maabara ikiwa na moja na wanafunzi sita wanaitaka, kalenda ndiyo itakayokupa daraja.

Karatasi za mwisho

Fomu ya kukamilisha masuala ya chuo inazungushwa maktaba, bweni, maabara na uhasibu. Kitabu kimoja kisichorudishwa au bilauri ya maabara iliyovunjwa mwaka wa kwanza inazuia transkripti. Ianze kabla ya kurudi nyumbani. Nauli ya kutoka Arusha kwenda Mbeya kwa ajili ya saini moja inauma.

Mhandisi aende ERB, bodi inayofanya kazi chini ya sheria ya 1997, ajisajili kama mhandisi mhitimu. Baada ya hapo kuna mafunzo ya kazini ya miaka mitatu chini ya mpango wa SEAP, kisha ndipo anaomba kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Vitabu vya fildi usivitupe, vitakusaidia kueleza ulikopita. Wa maabara, uuguzi na udaktari wana mabaraza yao, na bila leseni hawaajiriwi.

Cheti chenyewe kisitiwe gundi wala lamineshini. Toa nakala tano, zithibitishwe kwa wakili, cha asili kikae nyumbani. Kikipotea, utahitaji ripoti ya polisi, tangazo gazetini, ada na miezi ya kusubiri.